Kiti cha Ngurumo

Habari ilipotangazwa, mke wa Ngurumo, fundi wa miwani, alikuwa ameshika skrubu kwa kibano, skrubu ndogo kama punje ya mtama, akijaribu kuirudisha kwenye mkono wa miwani ya mteja. Redio ya dukani ilikuwa ikipiga muziki, mara ukakatwa. Mtangazaji akasema wabunge wa chama walikuwa wamejifungia tangu asubuhi, sasa wamepiga kura na wamempata kiongozi wao mpya bungeni. Akamtaja kwa majina yake yote matatu, ingawa mtaani hakuna aliyekuwa na haja nayo. Watu wote walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

Skrubu haikuanguka. Aliitia kwenye tundu lake, akachukua bisibisi, akaikaza taratibu.

"Loo! Sindano!" alisema mteja, mzee mmoja mwenye koti la sufu aliyekaa kwenye benchi bila miwani yake, amekodoa macho kuelekea redio kana kwamba angeweza kuiona sauti. "Chama kizima kile kimekosa mtu?"

Dada wa mapokezi alimpa ishara anyamaze. Akamkonyeza, akamtikisia kichwa, akaweka kidole mdomoni. Lakini mtu asiye na miwani utampa ishara gani? Mzee akaendelea kutwanga.

"Marehemu Ngurumo alikuwa mtu, bwana. Akisimama bungeni, hata waliosinzia wanafuta udenda. Sasa huyu! Mwenzake yuko kitandani hoi, yeye anazungusha karatasi, anakusanya saini za kumng'oa kwenye kiti. Mwenzake anakata roho, yeye anapima viatu vyake. Ile ni roho ya mtu ile? Mimi namfikiria yule mjane wake, maskini. Sijui huko aliko ana hali gani."

"Hebu jaribu sasa, mzee wangu," alisema fundi, akamvika miwani.

Mzee akapepesa macho. Dunia ikamrudia: kwanza kabati la fremu, kisha dada wa mapokezi aliyejishika mdomo, kisha uso wa mwanamke aliyeinama mbele yake. Uso huo alikuwa ameuona magazetini, nyuma ya jeneza. Mdomo wake ukabaki wazi.

"Inakubana masikioni?" fundi akamuuliza.

"Haibani, mama," mzee akajibu kwa sauti ya chini. "Haibani hata kidogo."

"Basi. Ukilala, usiiweke chini ya mto. Ndiyo maana mkono ulichomoka."

Mzee alitoka kinyumenyume. Dada wa mapokezi akauliza kama azime redio. Mke wa Ngurumo akasema iache, mbona haisumbui. Na kweli haikumsumbua. Hilo ndilo lililokuwa likimshangaza siku zile. Tangu mazishi alikuwa kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino: unaligusa, unajua ni lako, lakini lenyewe halina habari na wewe. Watu walikuja, wakalia kifuani kwake, yeye akawapapasa mgongo. Walimsifia moyo wa chuma. Hakukuwa na chuma. Kulikuwa na ganzi tu, naye aliishi ndani yake kama mtu aliyehamia nyumba ambayo bado hajajua swichi za taa ziko wapi.

Simu ikaanza. Mwandishi wa gazeti akamuuliza, "Mama, unajisikiaje kusikia kwamba kiti cha marehemu kimekwenda kwa mtu yule?" Akajibu kwamba yuko kazini. Mwandishi akauliza kama hiyo inamaanisha ameikubali. Akajibu kwamba inamaanisha yuko kazini, akakata. Kisha binti yake, aliyeolewa mbali, akapiga.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Umefanyaje?"

"Nimekaza skrubu."

Binti akaanza kulia, na mama yake akasimama pale kando ya mashine ya kusaga lenzi akimwambia nyamaza mwanangu, nyamaza, kwa sauti ileile ambayo zamani ilimtuliza akiota meno.

Jioni alipofika nyumbani alisikia kelele tangu getini. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amehamia hapo tangu msiba. Maisha yake yote alifundisha michezo shuleni, na mtu akimsikia akiita mtoto upande wa pili wa uwanja alielewa kwamba ile sauti ya Ngurumo haikuanza na Ngurumo. Sasa alikuwa sebuleni na akina mama watatu wa tawi la chama, wote wamevaa sare, chai imepoa mbele yao.

"Wifi, njoo ukae hapa," alisema. "Hawa wenzetu wana neno, na mimi niko nao bega kwa bega."

Neno lenyewe lilikuwa hili: wabunge wamemtukana marehemu. Wamemchagua msaliti. Nusu ya chama imenuna, lakini hakuna mwenye ujasiri wa kuanza. Paka afungwe kengele, na wa kumfunga ni mjane. Kesho kutwa aite waandishi wa habari hapa hapa nyumbani, aseme kwamba hamtambui Sindano.

"Wewe sema neno moja tu, mama," alisema mwenyekiti wao. "Chama kitapasuka kama tikiti maji."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Kikishapasuka."

Wale akina mama wakatazamana. Yaelekea hawakuwa wamefika huko. Wifi akasema kinachofuata kitajulikana mbele ya safari, cha kwanza ni heshima ya kaka yake. Mke wa Ngurumo akasema atafikiri. Hakuwa na nia ya kufikiri. Alitaka wamalize chai yao. Alimtazama wifi yake akitetemeka kwa hasira, akamwonea wivu kidogo, kama unavyomwonea wivu mtu anayeota moto wakati wewe umekaa dirishani.

Kesho yake katibu muhtasi wa ofisi ya marehemu bungeni akapiga simu, akiomba radhi kila baada ya maneno matatu. Ofisi inatakiwa. Kiongozi mpya anatakiwa aingie. Kama mama anaweza kuja kuchukua vitu vya mzee, au atume mtu.

"Nitakuja mwenyewe," alisema.

"Mimi siendi," alisema wifi. "Nikikutana na yule mtu nitamtoa meno, halafu gazeti lipate cha kuandika."

Ofisi ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye zulia lililochakaa katikati. Katibu muhtasi alimlaki mlangoni, akasema karibu mama, na hapohapo machozi yakamshinda. Alikuwa amefanya kazi na Ngurumo tangu alipokuwa msichana. Mke wa Ngurumo akamkalisha, akamtafutia leso, akamsimamia mpaka kwikwi zikapungua. Alihisi kama amekuja kuhani msiba wa mwenzake.

Kisha akaanza kupakia. Ngurumo hakuwa mtu wa vitu vingi. Kulikuwa na tai iliyoning'inizwa nyuma ya mlango, imefungwa tayari, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuifunga na kila wiki alimletea mkewe aifunge upya. Kulikuwa na pakiti ya peremende za koo, kikombe chenye duara la chai kavu, viatu vya akiba, shati ambalo bado lilikuwa kwenye mfuko wa dobi. Katika droo ya chini akakuta mto. Mto wa kawaida wa kitandani, foronya yake imefubaa.

"Huu ni wa nini?" akauliza.

"Alikuwa akilala, mama," katibu akasema. "Mchana, hapo kwenye kochi. Aliniambia nifunge mlango, mtu akiuliza niseme yuko kikaoni. Mwaka wote wa mwisho."

Mke wa Ngurumo aliushika ule mto. Akaukunja mara mbili, akautia kwenye sanduku, akaweka viatu juu yake.

Mlango ukagongwa. Mwenye ofisi alikuwa akigonga mlango wa ofisi yake. Sindano alisimama kizingitini na suti iliyompwaya mabegani, mpya lakini tayari imechoka kama mwenyewe. Katibu muhtasi akainuka, akatoka bila kumsalimu.

"Shemeji," alisema Sindano.

"Shemeji. Karibu. Ni kwako hapa."

Hakuketi. Walijuana tangu ujana. Kabla ya siasa kuwatenganisha, yeye na Ngurumo waligombania fulana moja ya mpira na sahani moja ya wali, na ni yeye aliyebeba kabati la harusi mgongoni hadi ghorofa ya tatu kwa sababu ngazi zilikuwa nyembamba na yeye pia. Mazishini alisimama nyuma kabisa. Watu walimwachia nafasi pande zote, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

"Nina jambo," alisema. "Nilikuwa sitaki kulisema. Kisha nikasema, kama silisemi leo, silisemi tena."

"Sema. Mimi napakia tu."

"Zile saini. Zile saini yeye ndiye aliyeniambia nizikusanye."

Mkono wa mke wa Ngurumo ulikuwa juu ya kikombe. Ukabaki pale.

"Ilikuwa hospitali. Nilikwenda kumwona. Wewe ulikuwa umeshuka kantini. Akaniambia, 'Nimechoka, Sindano. Nimechoka kupiga kelele. Lakini nikiondoka mwenyewe watasema nimewatupa. Niondoe wewe. Wewe wanakuchukia tayari, hutapungukiwa na kitu.' Tena akacheka, shemeji, unajua alivyokuwa anacheka. Akasema, 'Ning'oe, nikalale kitandani kwangu mpaka nichoke kulala.' Nikakataa. Akaniapisha. Nikaanza kukusanya saini, na kabla sijamaliza akatangulia. Sasa kwa watu mimi ndiye niliyemuua."

Nje, mtu alipita na toroli la chai, gurudumu moja linalia. Mke wa Ngurumo alisubiri kitu kimpande kifuani: hasira, huruma, chochote. Hakikupanda kitu. Akauliza kama mtu anayeuliza bei.

"Mimi alinitaja?"

Sindano alitazama zulia. "Nilimuuliza, shemeji anajua? Akasema hapana. Akasema, 'Yeye nimemwambia nitarudi bungeni. Hilo ndilo linalomtia nguvu. Usimvunje.'"

Ndipo mke wa Ngurumo alipoketi. Hakuketi kwenye kiti kikubwa, aliketi ukingoni mwa kochi. Kwa sababu kila asubuhi kule wodini, akimfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, alikuwa akimwambia mumewe, "Utarudi. Watakukoma mwaka huu." Naye mgonjwa akijibu, "Watanikoma." Alisema hivyo kwa sababu aliamini ndicho mumewe alichotaka kusikia. Alijichosha kukisema. Kumbe labda walikuwa wawili pale, kila mmoja amemshikia mwenzake mlango, wote wawili mikono inawauma.

Labda. Au labda huyu ni mwanasiasa aliyekuja kusafisha jina lake kwa maji ya marehemu. Maiti haitoi ushahidi.

"Mbona hukusema hadharani?" akauliza.

"Nani angeniamini? Wangesema namsingizia asiyeweza kujibu."

"Kweli wangesema."

"Wewe unaniamini, shemeji?"

Alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu hakuona sababu ya kumdanganya wala ya kumfurahisha.

"Sijui," alisema.

Sindano akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. "Sikuombi useme lolote kwa mtu. Nilitaka tu mtu mmoja ajue."

"Haya. Umeutua mzigo wako, umenitwisha mimi." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayehesabu vilivyomo sandukuni. "Nisaidie kufunga hili, halifungi."

Wakalifunga pamoja, yeye amekandamiza kifuniko, Sindano anazungusha utepe. Sindano alitaka kulibeba mpaka nje, yeye akamkatalia.

Getini waandishi walikuwa wamejaa. Walimzunguka kama kuku walioona mtama. "Mama, umekutana naye? Mmesemaje? Unamuunga mkono?"

"Nimekuja kuchukua vitu vya mume wangu," alisema. "Nipisheni, sanduku ni zito."

Kufikia alasiri maneno hayo yalikuwa yameshaota mbawa. Redio moja ilimleta mchambuzi aliyesema kwa kujiamini kabisa kwamba "sanduku" alilotaja mjane ni sanduku la kura, na kwamba amesema kwa fumbo zito kwamba kura zilichezewa. Redio ya pili ilimleta mwingine aliyesema hapana, neno la kushika hapo ni "nipisheni": mjane amewataka wapinzani wa Sindano wapishe, kazi iendelee. Wakagombana mpaka kipindi kikaisha. Dada wa mapokezi alipiga simu kumweleza, anacheka na kuogopa kucheka.

Wifi hakucheka. Alikuwa amelifungua sanduku mezani na anatoa kimoja kimoja, anakinusa, anakiweka kando.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekuambia nini?"

Mke wa Ngurumo alivua viatu, akajinyoosha vidole vya miguu. Aliona njia mbili mbele yake, kusema na kutosema, na zote zilikuwa mbali, kama zimechorwa ukutani.

"Wifi," alisema, "kaka yako aliwahi kukuambia amechoka?"

"Nani? Kaka yangu? Thubutu! Yule alizaliwa amesimama." Akatoa viatu vya akiba. Chini yake akautoa ule mto uliokunjwa, akaukunjua, akautazama. "Na huu?"

"Ulikuwa ofisini. Alikuwa akilala mchana."

Wifi aliupiga mto vumbi mara moja, mara mbili, kwa kiganja kile kilichozoea mipira. Kisha akaketi nao mapajani.

"Siku moja nilikuwa namnyoa wodini," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapo sauti yake haikufika jikoni. "Upande mmoja nimemaliza, upande wa pili una povu. Akalala. Nikamwambia amka nimalize. Akafungua macho, akanitazama, akasema, 'Dada, niache hivihivi.' Mimi nikamwambia, wewe ni kiongozi, utaonekana vipi? Nikammalizia. Nilidhani ananitania."

Hapo mke wa Ngurumo angeweza kumwambia. Alilisogeza neno mpaka kwenye ulimi. Lakini alimtazama mwanamke huyu aliyebakiwa na hasira peke yake kama fimbo ya kutembelea, akaona si haki kumnyang'anya jioni hiyohiyo. Alimwambia tu, "Nimesikia njaa. Kuna nini cha kula?" Wifi akashtuka, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akisema hivyo tangu msiba, akakimbilia jikoni.

Wakati wanakula wifi akauliza, "Wale wenzetu wakija kesho na waandishi, tuwaambie nini?"

"Waambie nimekwenda kazini."

"Hivyo tu?"

"Ndiko nitakakokuwa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Akina mama wa tawi walikuja na sare zao, wakamkuta wifi mlangoni. Alikuwa na kila sababu ya kuwakaribisha, lakini aliwaambia kwamba mwenye nyumba hayupo na yeye ana nguo za kufua. Waandishi walipiga picha ya kamba ya nguo. Chama hakikupasuka. Kilinung'unika wiki kadhaa, kikapata jambo jingine la kunung'unikia. Sindano aliongoza wabunge wake si vibaya, si vizuri. Hakuwa na sauti, watu walisinzia akihutubia, lakini hoja zake zilikuwa kali kwa waliokuwa macho. Alikuwa akituma salamu kwa shemeji yake, na shemeji alikuwa akizijibu. Kuhusu zile saini hawakuzungumza tena.

Siri ilikaa kwake. Alikuwa hajaamua kama ni ya kweli, na kwa muda mrefu hakuamua, wala haikumkosesha usingizi. Aliamka, akapanga fremu kabatini, akapima umbali wa macho ya watu kwa rula yake fupi, akawaambia watazame juu, watazame mbele.

Alasiri moja ya mvua, duka halina mteja, alikuwa kwenye mashine anasaga lenzi ya mtoto, nene kama chini ya chupa. Maji yalikuwa yakidondokea kwenye jiwe, vumbi jeupe linatiririka. Ghafla akasikia mtu akisema kwa nguvu, kwa hasira ya kweli kabisa:

"Si ungeniambia tu!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Dada wa mapokezi aliinua kichwa kutoka kwenye kaunta. "Nikuambie nini, mama?"

"Si wewe," alisema.

Uso ulikuwa unamchoma. Aliligusa shavu kwa mgongo wa mkono uliolowa, kisha akairudisha lenzi kwenye jiwe, kwa sababu upande mmoja ulikuwa bado.